Glasi ya Mgeni

"Hivi, dada mkubwa, mtu mwenye marafiki wote hawa, mbona mlango wake haugongwi?"

Swali hilo niliulizwa na jirani yangu siku moja tukianika nguo. Jirani huyo tunamwita Mama Redio, kwa sababu habari zikimfikia hazilali kwake. Mkono mmoja alikuwa ananipa vibanio, mkono mwingine ameshika simu, akanigeuzia nione. Ilikuwa picha ya meza, chupa mbili za bia, glasi mbili zilizojaa hadi povu linamwagika, na chini yake neno moja tu: "Tupo."

"Ni ya nani?" nikauliza, maana miwani nilikuwa nimeiacha ndani.

"Si Fundi Vioo, huyu wa pembeni yako! Ona, watu sitini wamempendea. Sitini! Mimi nilipoweka picha ya mwanangu amevaa joho nilipata kumi na wawili, na watatu kati ya hao ni dada zangu."

Niliutazama mlango wa Fundi Vioo. Ulikuwa umefungwa, pazia limeshuka, na kandambili zake, jozi moja, zimepangwa kizingitini kama za mtu aliye hospitali. Nikamjibu Mama Redio kwamba labda hao marafiki hukutana naye huko nje. Kisha nikasema neno ambalo hata leo ninapoliandika linanichoma. Nikasema, "Basi na wewe mbonyezee huo moyo. Mbonyezee na kwa niaba yangu. Ajue majirani tumemwona."

Mama Redio akacheka. "Wewe na bia wapi na wapi?"

"Bia siipendi. Jirani nampenda."

Akabonyeza. Wakawa sitini na mmoja. Tangu siku hiyo, kila Fundi alipoweka picha, Mama Redio alibonyeza, na tukikutana bombani ananiambia, "Jana nimekubonyezea." Nami nikajiona nimetenda wema bila hata kuvaa viatu.

Nyumba tunayopanga ina vyumba sita vilivyopangana kwa mstari, vinatazama ua wa saruji wenye bomba moja na kamba tatu za nguo. Mimi ni chumba cha nne, yeye cha tano. Ukuta ulio kati yetu ni mwembamba, akikohoa naweza kumwambia pole bila kupaza sauti. Kwa hiyo jibu la swali la Mama Redio nilikuwa nalo mimi kuliko mtu yeyote. Katika miaka miwili ya ujirani sikuwahi kusikia upande wa pili sauti za watu wawili. Nilisikia kiti kikivutwa, kijiko kikigonga kikombe, chupa ikiwekwa sakafuni taratibu na mtu asiyetaka kusikika. Nilisikia, nikasali, nikageukia upande mwingine.

Fundi Vioo ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mabega yameinama mbele kwa sababu ya kuinamia meza ya kazi. Vidole vyake vina michirizi myeupe ya kukatwa na vioo, utadhani alipigana na paka. Kazi yake ni kukata vioo vya madirisha, vya meza na vya kujitazamia katika karakana iliyo mtaa wa pili. Mimi nafagia zahanati, kwa hiyo asubuhi tulikuwa tunatoka pamoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama."

Hilo "salama" alikuwa analisema akiwa ameshanipa mgongo. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya miaka miwili.

Mlango wake uligongwa mara moja tu ninayoikumbuka, tena kwa makosa. Mama Redio aliangusha simu, kioo chake kikapasuka, na kwa kuwa alisikia mtu huyu anaitwa Fundi Vioo akamkimbilia. "Nibadilishie kioo, kaka, haraka, kuna mtu ananipigia!" Fundi alicheka, akamweleza kwamba yeye ni wa vioo vya ukutani, kwamba hata karakanani watu watatu au wanne kila wiki humletea simu. Kabla Mama Redio hajaondoka, Fundi alimtajia jina la ukurasa wake. "Utaona kazi zangu," alimwambia. Ndivyo Mama Redio alivyoanza kuziona picha zake.

Basi Jumamosi moja nimerudi kazini, Mama Redio akaniita kwake. "Njoo umwone mtu wako. Leo amevunja rekodi, sabini na nne!" Siku hiyo nilikuwa na miwani. Meza ni ileile, chupa mbili, glasi mbili, "Tupo." Lakini nyuma ya meza, ukutani, palikuwa pameegemezwa kioo kikubwa cha kujitazamia. Na ndani ya kioo hicho chumba kizima kilionekana: kitanda kilichotandikwa kikakazwa, kiti kimoja, shati limetundikwa msumarini, na mtu mmoja amesimama, ameinua simu kwa mikono miwili usawa wa uso. Mtu mwingine hakuwepo. Upande ule ambao glasi ya pili ilielekezewa hapakuwa hata na kigoda.

Nilimtazama Mama Redio. Alikuwa anahesabu chupa.

"Huoni?" nikamwambia.

"Naona. Hii ya leo ni ile ya ghali."

Nilirudi chumbani, nikaushusha ukutani mfuko wa picha za zamani, nikatoa picha ya marehemu mume wangu, yenye fremu. Kioo chake kilikuwa na ufa toka pembe hadi pembe. Nikavaa viatu. Ni hatua nne toka mlango wangu hadi wake. Nilizihesabu, kwa sababu niliona aibu kwamba sikuwahi kuzipiga.

Nikapiga hodi. Kisha mlango ukafunguka nusu.

"Mama? Kuna tatizo? Redio yangu inakusumbua?"

"Redio gani, mwanangu? Wewe hata chafya unaimeza." Nikamwonyesha picha. "Ni marehemu mume wangu. Ameishi na ufa usoni miaka minne, leo nimemwonea huruma."

Akanikaribisha. Alifuta kiti kwa kiganja, kisha kwa taulo, kisha akakifuta tena, nami nikaelewa kwamba hajui mtu hukaribishwaje kukaa. Yeye akabaki amesimama. Glasi zilikuwa bado mezani. Zote mbili tupu, zote mbili zina alama ya povu lililokauka.

Alipima fremu kwa futi, akachukua kipande cha kioo kutoka chini ya kitanda, akaweka rula ya mbao juu yake. Chombo chao cha kukatia ni kama kalamu, na kwenye ncha kina kigurudumu kidogo cha chuma. Alikichovya kwenye mafuta ya taa, akashusha pumzi, akainama. Mkono ukaanza kutetemeka. Akauinua, akaukung'uta kama mtu anayeondoa maji, akainama tena. Ukatetemeka tena.

"Samahani, mama. Asubuhi yangu bado haijatulia."

Ilikuwa saa tisa alasiri.

"Usiharakishe," nikamwambia. "Mume wangu hana pa kwenda."

Akatabasamu kidogo. Akanieleza, nadhani ili mkono upate nafasi ya kupumzika. "Kioo hakitaki nguvu, mama. Unakipiga mstari mmoja, mwepesi, toka mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Halafu unakikunja kidogo tu, kinaachia chenyewe. Ukisimama katikati, au ukirudia juu ya mstari uleule, kinapasuka kinakotaka chenyewe."

"Na kile?" Nikamwonyesha kile kioo kikubwa cha ukutani. Sasa nilikiona vizuri: upande wa chini kilikuwa kimemeguka vibaya, kama mkate uliovunjwa kwa mkono.

"Kile nilikirudia," akasema. "Kilikuwa cha saluni. Bosi akaniambia nikipeleke nyumbani nikitazame kila siku, nijifunze."

"Na wewe hukukitazama."

"Kwa nini?"

"Nimeiona picha yako ya leo, mwanangu. Nimeona na kioo."

Alikigeukia. Fundi ni fundi: alitazama kioo, akatazama meza, akatazama pale aliposimama kupiga picha, akaupima mstari wa jicho kama anavyopima dirisha. Nikaona hesabu inamfikia. Akakaa kitandani.

"Watu sabini na nne," akasema. "Wote wameitazama ile picha."

"Walitazama chupa."

Mimi ni mtu wa sala, na nimejifunza kwamba kuna ukimya ambao ukiusemesha unaukimbiza. Mwishowe alianza mwenyewe.

Picha ya kwanza aliyowahi kuweka ilikuwa ya kazi yake, kioo cha duara alichokikata na kukisaga ukingo kwa siku tatu. Walioipenda ni watatu: dada yake, bosi wake, na mtu anayeuza viatu. Baadaye mhasibu wa karakana akaacha kazi, wakaenda wote baa kumuaga, naye akapiga picha ya meza iliyojaa chupa. Yeye alikuwa amekunywa soda. Walioipenda ni tisini na mmoja. Jumatatu, watu ambao kwa mwaka mzima walikuwa wanampita kama mlango, wakampiga mabegani. "Fundi, kumbe wewe ni moto wa chini kwa chini!" "Fundi, ulituacha mbali!" Na Jumamosi iliyofuata mmoja akamwandikia, "Leo mbona kimya, fundi? Mnakunywa wapi?"

"Alikuuliza ili aje?"

"Hapana. Aliuliza tu. Ila mimi nilifurahi, mama. Nikatafuta glasi mbili."

"Mbona mbili?"

"Moja ingeonekana vibaya."

Mwanzoni alizijaza chai ya rangi iliyopoa. Lakini chai haina povu, na mtu mmoja akaandika chini ya picha, "Fundi, hiyo bia imekufa lini, tuje kuzika?" Wakacheka watu thelathini. Wiki iliyofuata akanunua ya kweli. Na bia ukishaifungua haifungiki tena. Akanywa glasi yake, akaitazama ile ya pili.

"Nikasema, haya, mgeni akichelewa mwenyeji anamalizia." Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Mgeni wangu huyo, mama, hajawahi kumaliza glasi yake hata siku moja. Namsaidia tu."

"Na hao wa kazini hawakukualika tena?"

"Wanialike kwa nini? Wanajua nina watu. Mtu mwenye watu nani atamwalika?"

Akaokota simu, akaipapasa ukingo. "Siku nisipoweka picha, kesho yake hakuna anayenisemesha. Nikiweka, nakaa hapa naitazama. Kuna mmoja huwa ananibonyezea kabla ya dakika tano, hajawahi kunikosa. Huyo Mama Redio wa chumba cha pili. Huwa namngoja yeye. Akishabonyeza, ndipo nafungua ya tatu, ya kusherehekea."

Nilipaswa kusema palepale. Sikusema. Nikakimbilia kwenye mzaha, kama mtu anayekimbilia kivulini.

"Na hilo neno lako, tupo. Wewe na nani?"

"Ah, ni namna ya kuandika tu."

"Mwalimu wetu wa darasa la nne angekuchapa. Umoja na wingi, baba! Nipo, tupo. Upo, mpo. Yupo, wapo. Mtu mmoja anaandika nipo."

"Nipo," akarudia. Akalisikiliza. "Halipendezi, mama. Nani atabonyeza mtu aliyeandika nipo?"

Nikamwachia picha ya marehemu aimalizie mkono ukitulia, na kabla sijaondoka nikaiona picha iliyobandikwa pembeni ya kitanda, msichana wa miaka kumi na miwili hivi, sare ya shule, nywele fupi, uso wa Fundi, baba yake. Mama wa mtoto alifariki binti akiwa na miaka sita, na tangu hapo analelewa na shangazi yake, dada mkubwa wa Fundi, mji mwingine. "Likizo hii anakuja," Fundi akaniambia. "Huu ni mwaka wa pili nasema likizo hii. Lakini safari hii anakuja kweli. Kesho saa kumi watanipigia, tupange." Akasita. "Mama, unaweza kuja kukaa hapa? Usiseme kitu. Ukae tu."

Kesho yake baada ya ibada nilikwenda. Alikuwa amefagia, amevaa shati la pasi, na harufu ya chupa ilikuwa chini ya harufu ya sabuni. Simu yake ilikuwa mbovu upande wa sikio, ilibidi iwekwe sauti ya nje, kwa hiyo nilisikia yote.

Alianza shangazi mtu. "Mdogo wangu, sikiliza. Mimi sina kinyongo. Nauli ipo, begi lipo. Mtoto mwenyewe ndiye anasema haji."

"Haji kwa nini, dada?"

"Muulize. Tangu aonyeshwe hizo picha zako kwenye simu ya binamu yake hataki hata kuzungumza. Haya, huyu hapa."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama yangu! Hujambo? Nimekununulia shuka jipya, la maua."

Kisha sauti ndogo, iliyojiandaa. "Baba, ile glasi nyingine ni ya nani?"

Nilimwona Fundi akifungua mdomo. Nilimwona akipumua kama alivyopumua juu ya kioo. Akaanza, "Ile glasi, mama yangu, ni..." Akasimama. Macho yake yakanigusa, yakakimbia. "Ni ya rafiki yangu. Wa kazini."

"Anakaa hapo?"

"Anakuja, anaondoka."

"Kila siku?"

"Mara nyingi."

"Basi mko wengi," mtoto akasema, kwa adabu kabisa, kama mgeni anayekataa kusumbua. "Mimi nitabaki kwa shangazi. Usijali, baba."

Simu ilipokatika alikaa nayo mkononi mpaka kioo chake kikazimika.

"Nilisimama katikati," akaniambia.

Jioni ileile Mama Redio akanipungia mkono toka mlangoni kwake. "Leo ni sherehe kubwa! Chupa nne! Ameandika 'Tupo sana.' Nimekubonyezea, dada mkubwa!"

Nilimwendea. Nikamweleza kila kitu: kioo, glasi, chai isiyo na povu, dakika tano. Mama Redio ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akafunika mdomo kwa kanga.

"Kwa hiyo tulikuwa tunammiminia," akasema.

"Mimi ndiye niliyekutuma."

Wiki hiyo Fundi alikuwa anaweka picha kila siku. Jumanne Mama Redio alipita karakanani, akamkuta amekaa kona, anafuta vumbi kwenye fremu. Bosi alikuwa amemnyang'anya kalamu ya kukatia ya karakana, akabaki na ile ya nyumbani tu. Alhamisi asubuhi sikumsikia akitoka. Nilisubiri "Shikamoo, mama" yangu pale uani mpaka nikachelewa. Nikamtuma Mama Redio aniombee ruhusa zahanati, nikachemsha chai, nikapiga zile hatua nne.

Mlango haukuwa umefungwa kwa komeo. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, macho mekundu. Nikaweka chai. Nikakaa sakafuni na mimi, ingawa magoti yangu hayapendi.

"Mwanangu, ule moyo wa dakika tano ulikuwa wangu. Mama Redio alikuwa anabonyeza kwa kutumwa na mimi. Nilidhani nakusalimu."

Alinitazama kana kwamba nimemwibia. "Kumbe hata huyo mmoja hakuwa yeye?"

"Hakuwa yeye. Nilikuwa upande ule wa ukuta. Kila siku nilikuwa nakuombea, halafu nikamwachia Mungu kazi ya kugonga mlango. Nisamehe."

Alikasirika, na nilimwacha akasirike. Alisema afadhali tungemtukana. Alisema sisi wote ni wale wale. Alipochoka, akanywa chai, mikono yote miwili ikishika kikombe, na bado ikamwagika.

"Mwambie binti ukweli," nikasema.

"Ukweli upi? Kwamba baba yake mlevi? Hilo analijua."

"Hakukuuliza habari za chupa. Ameuliza glasi."

Hapo akafunika uso. Sauti yake ikatoka katikati ya vidole. "Mama, mlevi mwenye watu, mtoto anaweza kusema, baba yangu anapenda sherehe. Sasa mtu anayejimiminia glasi mbili peke yake, huyo atamwitaje? Akiwaambia wenzake shuleni watamcheka mpaka amalize masomo."

"Yeye anadhani amekosa nafasi kwa sababu chumba kimejaa."

Alikitazama chumba chake. Kitanda, kiti, shati msumarini. Nadhani ndipo alipokiona.

Saa hiyo mtoto alikuwa shuleni, kwa hiyo alichukua simu arekodi ujumbe wa sauti kwenye simu ya dada yake. Unabonyeza kidole, unasema, ukiachia umemaliza. Mara ya kwanza aliachia baada ya "mama yangu". Mara ya pili alifika kwenye "ile glasi", sauti ikakatika. Akafuta.

"Kimevunjika," akasema.

"Basi chukua kipande kingine."

Akafuta kiganja kwenye suruali. Akashusha pumzi. Akabonyeza, na safari hii hakunitazama mimi wala picha ya ukutani, alitazama kidole chake, akasema yote kwa mstari mmoja: "Mama yangu ile glasi ni yangu, zote mbili ni zangu, hakuna mtu anayekuja hapa, nazijaza mbili ili watu waone nina mtu halafu nazinywa zote mimi, na sasa nakunywa hata siku nisizopiga picha, na nafasi ipo mwanangu, nafasi ni kubwa mno."

Akaachia. Mkono ulikuwa umetulia kabisa mpaka mwisho, kisha ukaanza kutetemeka.

Jibu lilikuja jioni, maandishi, si sauti. Fundi alinigongea ukuta, akanisomea kutoka upande wake: "Nitakuja. Nitaleta kikombe changu."

Likizo ilipoanza binti alikuja kweli, kwa siku kumi. Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi mdomoni. Alikiweka mezani siku ya kwanza, pale pale ilipokuwa inasimama glasi ya pili, na glasi akaipeleka bombani, akaisugua, akaitia miswaki.

Sitasema kwamba Fundi alipona. Nilimpeleka zahanati kwetu, daktari akamwambia asiache kwa papara, aje kila baada ya siku mbili. Siku ya nne jasho lilimtoka kama anabeba saruji, na ni binti aliyemshikia kikombe akanywa. Lakini siku ya saba alikitoa nje kile kioo kilichomeguka, akakiweka juu ya meza uani, akapima upande mzima uliobaki. Binti alishika rula, Mama Redio akashika pumzi, jambo ambalo hatujawahi kuliona. Mstari mmoja. Kikaachia. Wakakitundika ukutani, usawa wa uso wa mtoto, kisha akakata na kile cha marehemu mume wangu.

Jioni hiyo aliweka picha. Kikombe cha bluu, glasi ya maji, na nyuma yake, ndani ya kioo, watu wawili wameinamia simu moja. Akaandika, "Tupo." Walioipenda ni kumi na mmoja. Mtu mmoja akauliza chini, "Fundi, umeokoka au umefilisika?" Binti alicheka mpaka akakaa chini.

Alipoondoka, baba yake alimsindikiza stendi. Alirudi peke yake, jua bado lipo juu, watoto wa jirani wanacheza uani. Nilimsikia akifungua mlango. Nilisikia kiti kikivutwa. Halafu sikusikia kitu kwa muda, na nikawa nimeshasimama, natafuta viatu, mlango wangu ulipogongwa.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kunigongea mlango. Alikuwa amesimama na kile kikombe cha bluu mkononi. Mtoto alikuwa amemwachia. Mama Redio naye alikuwa kwangu, anachambua mchele. Fundi alitutazama wote wawili, akasema:

"Mtoto ameondoka. Mkiona nimeandika 'tupo', msibonyeze. Njooni mgonge mlango."